Kafuta testi zangu 60 huku anakula sambusa. HUKU ANAKULA SAMBUSA

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa kwenye daladala ya Njiro, konda ananidai nauli mara ya tatu namwangalia tu.

Mnamjua. Kila ofisi yenye kompyuta zaidi ya tatu ina huyu mtu. Anaandika koodi kama anakimbizwa na tembo, akimaliza anarusha laivu usiku halafu anazima simu.

Sisi tuna mfumo wa kubuki safari za mbugani, mtalii anachagua tarehe na idadi ya watu, bei inatokea. Mimi nimekaa miezi miwili naandika testi, brauza inajifungua yenyewe, inajaza fomu, inabonyeza kitufe, inasoma bei, kama sio yenyewe inapiga nyekundu. Leo asubuhi nyekundu 11. Kisa? Usiku kagusa hesabu, VAT ya 18% inaongezwa mara mbili, familia ya watu wanne ingeacha hadi nauli ya kurudi kwao.

Nikamwita kwa upole kabisa, kaka hebu cheki hapa. Akavuta kiti CHANGU akakaa, mimi nimesimama kama mhudumu, sambusa mkono wa kushoto, wa kulia akachagua faili lote akafuta. Akaandika mstari mmoja, hakikisha kweli ni sawa na kweli, yaani testi isiyoweza kufeli hata siku moja. Akaendesha. Kijani. Akageukia ofisi nzima, "oneni, zimepita zote." Halafu akang'ata.

Zote zipi wakati ipo moja???

Na msije na habari za git, ile inayotunza koodi za zamani, najua, narudisha kwa dakika moja. Kufuta hakuniumi. Inaniuma alivyong'ata, taratibu, ananiangalia. Makombo yameingia kwenye kibodi, herufi M ukiibonyeza inalia kwaru.

Mzee wa Sakina: Mkuu, hizo 60 zilikuwa zinaisha kwa muda gani?

Mleta uzi: Dakika 20 na kitu. Haihusiani.

Mzee wa Sakina: Hahahaa nilijua. Umeweka "lala sekunde 5" kila hatua ee? Hatua 4 mara 60 hizo ni dakika 20 za usingizi mtupu, kazi bado haijaanza. Unasubiri kitufe kitokee ndo unabonyeza, hata Playwright, ile zana ya kuendesha testi za brauza, inasubiri yenyewe bila kuambiwa. Mimi ningefuta na kiti.

Binti Kiboriloni: Sambusa ya nyama au ya viazi?

Developa Uchwara: Bora wewe umeona mkosaji. Sisi kuna testi inafeli ukiiendesha kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, kukicha inapita, tukaanza kusingizia majini. Kumbe seva inatumia saa za UTC, iko masaa matatu nyuma yetu, kwa hiyo saa saba usiku ya hapa kwake bado ni jana, ukibuki risiti inatoka na tarehe ya jana. Aliyeandika kashahamia Dar, simu hapokei.

Mama Testa: Pole mdogo wangu. Kwetu huyo huyo ndo bosi.

Chalii Mtulivu: Uzi hauna picha ya sambusa, siamini. Niko pale nimekaa.

Mleta uzi: Jamani ALIKAA KWENYE KITI CHANGU.

Mpangaji Sugu: Mnalilia testi, mimi hapa Ngaramtoni mita moja ya umeme wa LUKU vyumba sita, mwenye friji mbili na pasi ya kila asubuhi anachanga sawa na mimi mwenye taa moja, nikiuliza mwenye nyumba ananiambia kijana una roho mbaya. Hiyo mnaiandikiaje testi?

Mzee wa Sakina: Unalala sekunde 5 kila hatua.

Binti Kiboriloni: Hamia Moshi.

Chalii Mtulivu: Moshi na lile joto? Huko hata laptop inaomba maji ya kunywa.

Binti Kiboriloni: Joto tunalo sawa, ila tunajua kupika. Na nimeuliza tangu juu huko hakuna anayejibu.

Mpangaji Sugu: Vyumba Moshi bei gani kwani?

Mleta uzi: Ya viazi.

Binti Kiboriloni: Haya sasa hapo ndo na mimi nimekasirika.