Naomba ushauri: Three... Extremes, niangalie na mke wangu mjamzito?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina Three... Extremes ya 2004, filamu tatu fupi za kutisha ndani ya moja: Dumplings ya Fruit Chan wa Hong Kong, Cut ya Park Chan-wook wa Korea Kusini na Box ya Takashi Miike wa Japani.

Dumplings nimeimaliza peke yangu. Yule mama anakatakata nyama ya kujaza kwenye unga kwa utulivu kabisa, na mteja anatafuna ili ujana umrudie. Ile sauti ya kutafuna hainitoki masikioni! Nyama yenyewe ni vijusi.

Mke wangu ni mjamzito na anapenda sana filamu za kutisha. Hiyo simwonyeshi. Je, Box inamfaa, au nayo tuisubirishe mpaka ajifungue? Waliowahi kuiona naomba mniambie ukweli.