Picha za uchumba kwenye barafu: Lake Louise, Abraham Lake au Johnston Canyon?

Mwali_wa_Pangani
Habari za humu, wadau wa Alberta hapa Kanada. Naomba ushauri. Mimi na mchumba wangu tunaishi Calgary. Ndoa itafungwa Tanga mwezi wa nane, ila picha za uchumba tunataka tupige huku, mwisho wa Januari, nje kabisa kwenye theluji. Mama na mashangazi zangu hawajawahi kuona watu wakitembea juu ya ziwa, nataka wanione nimesimama hapo nimevaa kisutu. Nitaanza na gauni refu la kijani, kisha nijifunge kanga. Yeye atavaa kanzu na koti. Tumebakiza Lake Louise, Abraham Lake na Johnston Canyon. Moyo wangu ulikuwa Moraine Lake, ile ya kwenye noti ya zamani ya dola 20. Mngechagua ipi?

Kaka_wa_Canmore
Hongereni sana, dada. Moraine itoeni: barabara yake hufungwa tangu katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Mei au Juni.

Mimi nasema Lake Louise bila kusita. Ni kama saa mbili kwa gari kutoka kwenu, maegesho yako karibu na ziwa, na hoteli kubwa iko pale pale. Baridi ikiwazidi mnaingia mnapata kitu cha moto. Fikeni kabla jua halijatoka. Siku hizo linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na mwanga wa kwanza unapiga kilele cha Mlima Victoria mbele yenu. Juu kote kunakuwa na rangi ya waridi huku ziwa bado liko kwenye kivuli cha buluu. Hiyo ni dakika chache tu, kwa hiyo muwe mmeshavaa na kujipanga. Baadaye wanakuja watelezaji na sleji za farasi, utulivu unaisha. Na msitembee hadi ncha ya mbali ya ziwa, theluji huporomoka kutoka mlimani upande ule.

Fundi_Picha_Edmonton
Natofautiana na mkuu hapo juu. Lake Louise ni nzuri, lakini picha yake kila mtu anayo. Kama mnataka watu wa Tanga wasogeze simu karibu na macho, nendeni Abraham Lake. Ni ziwa la bwawa la Bighorn, lililojengwa mwaka 1972. Mimea inayooza chini hutoa gesi ya methani, mapovu yakipanda yananaswa na barafu, kisha barafu mpya inajijenga chini yake na kunasa mengine. Ukisimama juu unaona kama sahani nyeupe zilizopangwa moja juu ya nyingine. Upepo hufagia theluji, ndiyo maana barafu inabaki wazi. Januari hadi katikati ya Februari ndio wakati wake.

Bi_Muuguzi
Kaka Fundi, huo upepo unaousifu ndio unaonitisha. Nyuzi 15 chini ya sifuri, ukiongeza upepo wa kilomita 50 kwa saa, mwili unahisi nyuzi 29 chini. Ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na bibi harusi mtarajiwa ana shingo na mikono nje! Kule ni kama saa tatu kutoka Calgary, simu hazishiki sehemu kubwa ya njia. Halafu ni bwawa la umeme. Maji hupungua huku juu kumeganda, barafu ya kingoni inabaki bila kitu chini yake. Msalaba Mwekundu wa Kanada unataka unene wa sentimita 15 kwa mtu mmoja, 20 kwa kundi, na hapo mtakuwa kundi.

Popote mtakapokwenda, dada: vidole, masikio au pua vikififia rangi na kufa ganzi, picha zimekwisha. Ingieni kwenye joto, wala msisugue.

Fundi_Picha_Edmonton
Hoja ya upepo naikubali. Abraham ni kwa siku tulivu tu, pamoja na mtu anayeijua barafu ile.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko mahali. Mwambieni mpigapicha apime mwanga kwenye nyuso zenu. Kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga: theluji inatoka kijivu, na sisi wenye ngozi nyeusi tunapotea sura. Au akipima eneo lote la theluji, aongeze mwanga kwa hatua (stop) moja, hata mbili. Akifanya hivyo, theluji inakuwa rafiki yenu, maana inarudisha mwanga kutoka chini na kufuta vivuli vya machoni na kidevuni. Ngozi yetu kwenye mwanga huo inapendeza mno. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kamera ifungwe kwenye mfuko kabla ya kuingia hotelini, isije ikajaa umande. Na kwa Lake Louise au Johnston Canyon, zilizo ndani ya hifadhi ya Banff, ahakikishe ana leseni ya Parks Canada, shirika la hifadhi za taifa, ya kufanya kazi hiyo humo. Droni hairuhusiwi hifadhini.

Mama_Nuru
Johnston Canyon ni korongo, hakuna upepo, na maporomoko yaliyoganda yanavutia, ila njia ni nyembamba, watu wanapishana, na hadi maporomoko ya kwanza ni zaidi ya kilomita moja. Kwa gauni refu, hapana.

Mdogo wangu, vaa nguo za ndani za sufu, shati na suruali, chini ya gauni, hakuna atakayeziona. Kanga ni pamba, ikilowa inaganda, kwa hiyo jifunge mwisho. Buti zifungwe meno ya chuma ya kuzuia kuteleza, pindo litazificha. Na pete! Vidole husinyaa kwa baridi, pete iliyokaa vizuri nyumbani inachomoka yenyewe. Ivae wakati wa kupigwa picha tu, kisha mwenzio aiweke mfuko wenye zipu.

Mwali_wa_Pangani
Asanteni mno. Tumekubaliana Lake Louise, alfajiri, kisutu kwanza kabla sijachoka na baridi (samahani Mama Nuru, najua ulisema mwisho), gauni baadaye. Kuna mwenye meno ya chuma ya kuazima? Mimi navaa namba 39.

Mama_Nuru
Yangu yanakutosha. Nitumie ujumbe, nipo Calgary kaskazini mashariki.