Nikiruka, mkojo unaniponyoka. Niache voliboli?

Namba_Tisa: Hamjambo. Naandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kulisema. Nina miaka 24, sijazaa, nachezea timu ya mtaani huku Eastlands, Nairobi. Mazoezi ni mara tatu kwa wiki, Jumamosi nabeba vyuma. Tangu mwaka jana nikiruka kuzuia kwenye wavu, nikitua tu, mkojo unatoka. Si mwingi, lakini seti ya pili ikifika pedi imeshavimba na naisikia ikisogea. Nilikuwa najisitiri na taitsi nyeusi. Sasa kocha ametuletea kaptura za kijivu, na kijivu kikiloa tone moja uwanja mzima unaona.

Siku ya mechi sinywi maji tangu asubuhi, na naenda choo mara nne kabla ya filimbi. Kurudi nyumbani kwa matatu nakalia koti langu. Ninayeishi naye anasema niache vyuma. Shangazi anasema ni baridi ya sakafu, nivae soksi. Jamani, haya si ya wamama waliozaa? Niache mpira?

Konda_Msafi: Kuna nepi za watu wazima dada 😂

Bi_Mwalimu: Konda, hujaombwa kicheko. Shuka hapo stejini utuache.

MamaWawili_wa_Karura: Pole mwanangu. Mimi nilidhani ni kuzaa kulikoniharibu, mpaka nilipoanza kukimbia msitu wa Karura na kikundi cha wanawake na siku moja, tukishuka ule mteremko wa kuelekea mtoni, mmoja akasema kwa sauti, "Nani mwingine amelowa?" Tulikuwa saba. Wanne tulinyoosha mkono, na wawili kati yetu hawajawahi kushika mimba. Usiache mpira. Tafuta fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya misuli.

Fizio_wa_Jioni: Hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi mfupa wa mkia nyuma. Inabeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Ukitua kutoka juu, tumbo linasukuma chini kwa ghafla, na misuli hiyo inatakiwa iwe imeshakaza. Ikichelewa kidogo tu, mkojo unapita. Mapaja yako yanaweza kuwa ya chuma na misuli hii ikawa haijawahi kufundishwa. Ndiyo maana wanaoruka sana, sarakasi, trampolini, voliboli, wanapatwa hata kabla ya kuzaa. Shangazi msalimie, lakini soksi hazina kosa.

Mazoezi yake yana umri. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika kuyahusu mwaka 1948, na hadi leo ndiyo matibabu ya kwanza. Lala chali, magoti juu. Jifanye uko kwenye matatu iliyojaa na unazuia upepo usitoke, halafu endeleza mkazo huo mbele kama unayezuia mkojo. Utasikia kitu kinavutwa ndani na juu. Makalio yakikaza, umekosea. Ukibana pumzi, umekosea. Shikilia kadiri unavyoweza, hata sekunde tatu ni mwanzo, ulenge kufika nane. Kisha achia kabisa. Kuachia nako ni zoezi, wengi wanalipuuza. Miongozo ya Uingereza inataka mikazo isiyopungua 8, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Ongeza michache ya haraka, kaza-achia, kwa sababu mpira haukungoji. Ukizoea kulala, fanya ukiwa umesimama, kisha ukichuchumaa, mwisho ukiruka. Na uwanjani, kaza sekunde moja KABLA ya kuruka. Hata kabla ya kupiga chafya.

Usifanyie mazoezi chooni kwa kukatiza mkojo katikati.

Maji, kunywa. Ukijinyima, mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, na choo kinakuwa kigumu. Kujikamua chooni kila siku kunailegeza misuli ileile. Zile safari nne kabla ya filimbi zinakizoesha kibofu kudai mapema. Moja inatosha. Vyuma usiache, punguza uzito kwa sasa na utoe pumzi unapoinua.

Nina maswali: unaungua ukikojoa? Damu? Ganzi sehemu za siri? Hedhi inakuja kila mwezi?

Mitishamba_Asili: Inbox, kuna unga wa mizizi unakaza siku saba.

Bi_Mwalimu: Unga ukaze nini? Uji?

Namba_Tisa: Nimecheka peke yangu jikoni. Hakuna kuungua wala damu wala ganzi. Hedhi iliruka miezi miwili, nikadhani ni mazoezi. Chai ya rangi nakunywa vikombe vinne kwa siku, ni tatizo?

Fizio_wa_Jioni: Shusha hadi viwili uone, kafeini huchokoza kibofu cha baadhi ya watu. Hiyo hedhi usiipite hivihivi. Mchezaji asiyekula kulingana na jasho lake huikosa, na mifupa hulipa. Mwambie daktari yote mawili. Hospitali ya Kenyatta kuna idara ya fiziotherapia. Popote utakapoenda, uliza kama wana anayeshughulikia nyonga za wanawake.

Kaza_Legeza: Niongeze moja. Mimi nilijifundisha kutoka video, nikakaza miezi miwili, nikazidi kuvuja na nikaanza kusikia maumivu wakati wa tendo la ndoa. Fizio aliponipima akasema misuli yangu haikuwa dhaifu, ilikuwa imekaza saa zote haijui kuachia. Kazi yangu ya kwanza ikawa kupumua hadi tumboni na kulegeza. Kwa hiyo upimwe kwanza.

Namba_Tisa (wiki kumi baadaye): Nimerudi. Nilipimwa: dhaifu kweli, na nilikuwa nasukuma chini nikidhani navuta juu. Nafanya asubuhi kitandani, saa saba kazini, na usiku kwenye foleni ya matatu, na hakuna anayejua. Hedhi imerudi, daktari ameniongezea chakula. Jumapili tulicheza seti nne, nikanywa chupa nzima ya maji, pedi moja ndogo, na ililowa kidogo tu seti ya mwisho nilipochoka. Kaptura ilikuwa ile ya kijivu. Bado nikiruka kamba mfululizo kunatoka. Fizio, kamba nianze lini?

Fizio_wa_Jioni: Kumi kumi, upumzike katikati. Ukivuja kwenye ya nane, wiki hiyo ishia saba.