Makarani wa vyama vya msingi Mtwara na Lindi, acheni kutuulia namba za wakulima kwenye Excel!

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekuja na hasira na sitaificha. Ufuta ukiisha inaingia korosho, mbaazi nazo zina zamu yake, na kila msimu ni yale yale. Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa, Nachingwea, Liwale: orodha za malipo zinatoka chama cha msingi cha ushirika zimejaa alama za reli (#####), namba za simu zinasomeka 2.55754E+11, tarehe imegeuka 45576, jumla ya kilo inasema 0. Mkulima kapeleka mzigo ghalani, mnada umepita, mnunuzi kalipa, halafu hela inarudi kwa sababu akaunti imekatwa tarakimu ya kwanza na mtu aliyebonyeza Save bila kuangalia. Mkulima akiuliza anaambiwa mtandao unasumbua. Mtandao hauhusiki hata kidogo. Ni karani aliyekaa mbele ya Excel bila kutaka kujua inavyofanya kazi.

Karani akishika jambo hili moja tu, nusu ya matatizo yanakwisha: kinachoonekana kwenye seli na kilichomo ndani ya seli ni vitu viwili. Ukiona kituko usifute, usiandike upya, usimwite fundi. Bofya seli hiyo mara moja, kisha tazama juu kwenye ule mstari mrefu wenye fx. Kule ndiko kilichomo. Kama juu namba iko kamili, kilichoharibika ni sura tu na unairekebisha muda huo huo. Kama juu nako imeharibika, mara nyingi data imekufa, na hakuna fomati itakayoifufua; tarehe ni tofauti, nitaieleza chini.

Nianze na ##### kwa sababu ndiyo inayotia watu hofu ya bure. Kolamu ni nyembamba kuliko namba, basi. Maneno yakizidi kolamu Excel huyakata, lakini namba haikati, maana 1,500,000 ingesomeka 1,500 na mtu angelipwa hivyo. Inaweka reli seli nzima. Peleka mshale kwenye mpaka kati ya herufi D na E kule juu, bofya mara mbili, kolamu inajinyoosha yenyewe. Kwa kolamu zote: Ctrl+A, halafu Alt, H, O, I, kimoja baada ya kingine. Ukitanua sana na reli bado zipo, basi hapo kuna tarehe hasi. Excel haina tarehe hasi, kalenda yake inaanzia 1900. Ukihesabu siku za mzigo ghalani ukatoa tarehe ya baadaye kwenye ya mwanzo, jibu ni hasi, na kama seli ina fomati ya tarehe utaona reli tu. Ibadili iwe Number, utaiona -14 yako, kisha geuza fomula.

Kuna mafundi wanachukua hela ya chama kupiga Windows upya kwa tatizo hili. Kuna makarani wanaprinti hivyo hivyo na kubandika. Printa inachapa kinachoonekana, PDF vile vile. Mzee katoka kijijini na bodaboda, anasimama mbele ya ubao wa chama anafuata jina lake kwa kidole, anafika kwenye kolamu ya hela anakuta #######. Hii ni dharau kwa mkulima, hakuna jina jingine.

Sasa E+11. Hapa ndipo hela za watu zinapotelea, someni polepole.

Seli yenye fomati ya General inaonyesha namba nzima hadi tarakimu 11. Ya 12 ikiingia, inaanza kufupisha. Simu ikiandikwa kwa 255 ina tarakimu 12, kwa hiyo inasomeka 2.55754E+11. Mpaka hapo hakuna kilichopotea, juu kwenye fx namba ipo nzima. Chagua kolamu, Ctrl+1, Number, desimali weka 0, OK, zote zinarudi. Lakini karani hafanyi hivyo. Anachukua faili lile lile lenye E+11, anafanya Save As, anachagua CSV, faili la maandishi matupu, kwa sababu mfumo wa malipo unataka CSV, anatuma. CSV inaandika namba kama inavyoonekana kwenye seli! Ndani ya faili inakaa 2.55754E+11, na upande wa pili likifunguliwa inasomeka 255754000000. Tarakimu sita za mwisho zimefutika. Wale ambao tarakimu zao sita za mwisho zimefika 500000 au zaidi wanapandishwa, wanakuwa 255755000000. Kwa hiyo wakulima mia ambao namba zao zinaanza na 255754 wanaishia na namba mbili tu, na zote mbili si zao. Halafu mkutano unaitishwa kuuliza nani kala hela.

NIDA ni mbaya zaidi. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20: nane za tarehe ya kuzaliwa, halafu tano, tano, mbili. Excel inashika tarakimu 15 tu kwenye namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Jaribu sasa hivi: andika 12345678901234567890, bonyeza Enter, rudi kwenye seli, tazama fx. Utakuta 12345678901234500000. Hapo tatizo si sura tena. Namba imekufa pale ulipobonyeza Enter, na kuibadili iwe Text baadaye ni kumpaka maiti mafuta. Dawa inakuja kabla: chagua kolamu ikiwa tupu, Ctrl+1, Text, OK, ndipo uandike. Au tanguliza ritifaa, hii ', kisha namba. Ritifaa haitaonekana kwenye seli. Na ukiiandika na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, Excel inaichukua kama maandishi na inapona. Wanaovitoa vistari ili kolamu ipendeze ndio wanaoua namba.

Dawa hiyo hiyo ni ya akaunti na simu zinazoanza na sifuri. 0754 ikiingia kama namba inakuwa 754. Kwa simu unaweza kuokoa, maana urefu wake unajulikana: =TEXT(C2,"0000000000"), sifuri kumi, inarudi. Kwa akaunti usithubutu kubahatisha. Kila benki ina urefu wake, na ukijaza sifuri kwa kukisia unaweza kutengeneza akaunti ya mtu mwingine.

Kosa jingine ambalo nimechoka kulielezea: faili la CSV limetoka kwenye mfumo likiwa salama, karani analibofya mara mbili "kuangalia tu", Excel inakula sifuri na kugeuza NIDA, akifunga inamuuliza Save, anajibu ndiyo. Amelimaliza. CSV haibofywi mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, From Text/CSV, na pale kwenye kutambua aina za data chagua Do not detect data types. Kwenye Excel 2010 na 2013 itakuja ile hatua kwa hatua. Ukifika ya 3 bofya kolamu ya NIDA, akaunti na simu, kila moja uipe Text. Wenye Microsoft 365 waende File, Options, Data, sehemu ya Automatic Data Conversion, waondoe tiki kwenye kufuta sifuri za mwanzo na kwenye kukata namba ndefu.

Na ile pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli. Kwenye kolamu ya NIDA au akaunti inakwambia namba imehifadhiwa kama maandishi, nawe ndivyo unavyotaka. Iache! Ukibofya Convert to Number umezifuta tarakimu tano za kila mkulima kwa mkupuo mmoja. Kwenye kolamu ya kilo ni kinyume chake, pale lazima ubofye, kwa sababu kilo zilizo maandishi hazijumlishwi. Ndiyo maana SUM inasema 0, au mbaya zaidi inasema kitu kinachokaribia ukweli na hakuna anayeshtuka. Pima hivi: =COUNTA(D2:D413) ikupe 412, halafu =COUNT(D2:D413). Ikija 398, una mizigo 14 haimo kwenye jumla. Sababu ni zile zile: mtu kaandika "61.4kg", kaweka herufi O mahali pa sifuri, au kapesti kutoka kwenye mfumo na nafasi isiyoonekana imekuja nayo. Hiyo ya mwisho TRIM peke yake haiitoi. Tumia =VALUE(TRIM(SUBSTITUTE(D2,CHAR(160),""))).

Desimali zilizofichwa zinavunja vyama, na hapa naomba wahasibu wanisikie. Mizani imesoma 61.4. Karani anabonyeza kile kitufe cha kupunguza desimali, seli inaonyesha 61, lakini ndani bado ni 61.4. Bei tuseme 3,145. Orodha inasema 193,103. Mkulima anapiga kikokotoo chake cha simu, 61 mara 3,145, anapata 191,845. Tofauti ni 1,258 na hakuna wa kumweleza imetoka wapi. Chini nako: 61.4, 47.4 na 82.4 zinaonekana 61, 47, 82, na jumla inaonekana 191, wakati kwa kichwa ni 190. Hesabu ni sahihi, sura ndiyo inadanganya. Onyesheni desimali za mizani zilivyo. Kama ni kukata, kateni kwa fomula, =ROUND(D2*E2,0), kwenye shilingi, siyo kwenye kilo. Na yule anayewafundisha watu waweke tiki kwenye Set precision as displayed aache mara moja. Tiki ile inafuta desimali zilizofichwa za faili zima moja kwa moja, na ukiitoa hazirudi.

Tarehe. Ukiona 45576 usishtuke, ni tarehe 11 Oktoba 2024 iliyovuliwa fomati. Ctrl+1, Date, imerudi. Hatari ni kompyuta iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani. Ukiandika 11/10/2024 inaingia kama 10 Novemba, ndani ni 45606, siku 30 mbele. Ukiandika 25/10/2024 haina mwezi wa 25, inaiacha kuwa maandishi. Dalili ni hii: kwenye kolamu moja tarehe nyingine zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Za kushoto ni maandishi, na za kulia zenyewe usiziamini mpaka uzihakiki. Rekebisha Region kwenye Control Panel kabla ya kuingiza chochote.

Mengine haraka haraka. Fomula zinaonekana badala ya majibu: umegusa Ctrl na kile kitufe kilicho chini ya Esc, bonyeza tena. Ikiwa ni seli moja tu, ilikuwa Text. Ipe General, F2, Enter. Wakulima "wamepotea": angalia namba za mistari pembeni, zikiwa za bluu kuna filta, zikiruka bila bluu wamefichwa kwa mkono. SUM inahesabu hata waliofichwa, kwa wanaoonekana tu ni =SUBTOTAL(109,D2:D413). Na usipesti orodha juu ya kolamu yenye filta, inaangukia hata kwenye mistari iliyofichwa. Kolamu zimekuwa 1, 2, 3 badala ya A, B, C: File, Options, Formulas, toa tiki ya R1C1. Mishale inasogeza shiti badala ya seli: Scroll Lock. Mistari ya juu haifikiki: mtu aligandisha vichwa akiwa ameshashuka, View, Unfreeze Panes, Ctrl+Home, ndipo ugandishe upya. Skrini ya Excel inaacha mabaka meusi au meupe kwenye 2013, 2016 na 2019: Options, Advanced, Display, weka tiki Disable hardware graphics acceleration.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kuhusu kufungulia kwenye simu: soma tu, usihifadhi. Orodha ya malipo haihaririwi kwenye simu juu ya bodaboda.

NYONGEZA 2: Mnaoniandikia PM kwamba NIDA zimeshakuwa na sifuri tano mwishoni, mfanyeje. Kwanza tafuteni faili la awali, lile kabla halijaguswa, kwenye barua pepe au WhatsApp mlikotuma. Kama halipo, fungueni daftari la usajili na muingize upya, wawili wawili, mmoja anasoma mwingine anaandika, kolamu ikiwa Text. Zile tarakimu hazimo tena ndani ya faili. Anayewaambia ana programu ya kuzirudisha anawadanganya, msimpe hela ya wakulima.