Kikundi: Watoto wa Bibi, Dallas (Safari ya Grand Canyon)

[Jumanne jioni]

Zuhura: Asalaam aleikum wote. RV, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, nishalipia dipoziti, futi 31, Ijumaa saa nne asubuhi tunaichukua. Kilichobaki ni pa kulala. Siku ya kwanza Dallas mpaka Amarillo kwa barabara ya 287, kama maili 360, pale tunalipa kambi. Siku ya pili tunashika barabara kuu ya I-40 tunaipita Albuquerque mpaka Route 66 Casino, egziti 140. Naomba majibu LEO

Zuhura: Mbona kimya

Baba Nasri: Kasino tena dada

Zuhura: Kulala tu Baba Nasri. Wenye RV wengi ndio wanakolala, wenye kasino wanataka uingie ule na ubonyeze mashine zao kwa hiyo paking wanakuachia, taa zinawaka usiku kucha na sekyuriti anazunguka. Ila ile ardhi ni ya Wamarekani wa asili, hapo 140 ni Laguna Pueblo, na kila kabila lina sheria zake ndio maana lazima upige simu kwanza, wengine wanakupa usiku mmoja wengine wanakusukuma kwenye uwanja wa RV wa kulipia. Pale uwanja upo, umeme na maji unaunganisha

Idi: Mimi nipakiwe karibu na bafe 😂

Mama Khadija: Huyu na bafe, harusi ya Arlington karudia pilau mara nne

Idi: tano mama mdogo

Zuhura: Jamani INSULINI YA MAMA. Tukilala paking hakuna umeme, friji itakuwaje?

Idi: na nyama yenyewe ilikuwa ya kutafuta na tochi

Mama Khadija: 😂😂😂

Baba Nasri: Uliza kama friji ni ya gesi. Ya gesi haihitaji umeme wa nje, mradi mtungi umejaa na gari limesimama tambarare, likilala upande haipozi. Siku hizi kuna za betri tupu, hizo asubuhi unaweza kukuta betri imekufa

Zuhura: Ahsante, wewe ndio umejibu swali. Na tukifika tunaanza kwa sekyuriti, tunaandikisha namba ya gari, hatutoi viti wala jiko nje. Usiku wa tatu Twin Arrows, kasino ya kabila la Wanavajo, karibu na Flagstaff, nako napiga simu. Blanketi mbebe, Flagstaff ni kama mita 2,100 juu

Baba Nasri: Mimi na paking sina neno. Neno langu ni la mwaka juzi. "Naingia chooni dakika kumi." Nimekaa kiti cha dereva mpaka alfajiri, lori la friji linanguruma ubavuni, watoto wamelala, na hela ya mafuta ya kurudia iko mfukoni mwake

Sefu: Kaka hilo tulilimaliza kwa Shangazi

Baba Nasri: Ulilimaliza wewe. Mimi ndiye niliyepiga simu Houston kuomba dola mia tatu

Mama Khadija: Sio hapa jamani, mama yumo humu

Nasri: Shikamooni. Bibi kaniambia nimsomee yote. Anasema niandike hivi hivi:
"Wanangu. Msafiri hulala anapopata, hilo sikatazi. Lakini mimi nilishamsubiri mwanamume mlangoni na chemli, Sefu yuko mgongoni ana homa, alfajiri akaja akaniambia shamba la Pongwe si letu tena. Sikai tena nje ya nyumba ya kamari kumsubiri mtu."

[Jumatano asubuhi]

Mama Khadija: Tumekusikia mama

Zuhura: Shikamoo mama. Basi natafuta kambi ya kulipia Albuquerque au Grants, ila wikiendi zinajaa na kila nyumba itabidi iongeze hela. Naomba mseme kabla nafasi haijaenda

Halima: Nilikuwa shifti ya usiku ndio nasoma sasa. Kuongeza kiasi gani?

Zuhura: Sijajua bado, nasubiri wapokee simu. Sefu umesoma, tiki za bluu naziona

[Jumatano usiku]

Sefu: Mama nimesoma. Siku ya pili naendesha mimi. Tukisimama usiku, popote, kadi yangu ya benki ashike Baba Nasri

Zuhura: Sasa hiyo ni kasino au kambi?

Baba Nasri: Kadi nitashika. Hilo lingine aseme mama

Nasri: Bibi kashalala