Tupeane uzoefu: hirizi, nyota, Halbadiri na nadhiri za makaburini. Shirki inaingilia wapi, na mtu anatokaje?

Mleta mada

Assalaam alaykum wanajamvi. Mada za shirki humu huishia pabaya. Mmoja anabandika aya, wa pili anamwita mwenzake mshirikina, wa tatu anamwita huyo wa pili Wahabi, kufika ukurasa wa pili uzi umefungwa. Huu nataka uwe wa kazi. Anayeijua sehemu yake aiseme kinagaubaga: kitu kinafanywaje, shirki inaingilia wapi, watu wanakosea nini. Visa vya "jirani yangu alirogwa" vina nyuzi zake, tele.

Naanza na msingi. An-Nisaa aya ya 48, na tena 116: Mwenyezi Mungu hasamehi kushirikishwa, na husamehe yaliyo chini ya hapo kwa amtakaye. Wengi wanaisoma hiyo wakakata tamaa. Wanazuoni wameifafanua kuwa ni kwa aliyekufa nayo bila kutubu, maana Az-Zumar 53 inasema husamehe dhambi zote, na Al-Furqaan 68 hadi 70 inaanza na wanaomwomba mungu mwingine pamoja na Allah, kisha inawatoa waliotubu, wakaamini, wakatenda mema. Tofauti ni hii: mzinifu akifa kabla ya kutubu bado yuko kwenye matakwa ya Mola wake, atamwadhibu au atamsamehe. Aliyekufa juu ya shirki kubwa, hana hiyo nafasi.

Karibuni.

Kalamu ya Mwanzi

Nianze na hirizi. Ukiifungua hirizi ya kawaida ya pwani, nje ni ngozi au kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote, ndani karatasi iliyokunjwa mkunjo juu ya mkunjo mpaka imekuwa ngumu kama kibiriti. Kunjua polepole, usichane. Utakuta mambo ya aina nne, mara nyingi yamechanganywa: aya (Kursi, Falaq, Naas), miraba ya tarakimu, herufi zilizotawanywa pamoja na majina yasiyo Kiarabu wala Kiswahili, na jina la mvaaji likifuatwa na la mama yake.

Aya tupu zina ikhtilafu, yaani tofauti ya rai za wanazuoni, ya tangu masahaba. Imepokewa kuwa Abdullah bin Amr alikuwa akiwatundikia dua watoto wake wadogo wasioweza kuihifadhi. Ibn Mas'ud alikataza kila kinachotundikwa. Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii) wengi wameruhusu kwa masharti, na sisi huku wengi ni Mashafii, kwa hiyo usimrukie mama wa watu kwa kumwona mwanawe na kihirizi shingoni ukampa hukumu kabla ya kujua ndani mna nini.

Maneno yasiyojulikana maana ni jambo jingine. Imam Malik alipoulizwa juu ya majina ya kigeni alisema: utajuaje, huenda yakawa kufuru. Miraba ya tarakimu ina watetezi wake. Ule wa 4-9-2, 3-5-7, 8-1-6, ambao kila upande unajumlisha 15, hata Ghazali aliutaja kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Kutajwa na Ghazali hakuufanyi kuwa aya, na binafsi sioni wa kumjibu anayeuliza: tarakimu hizi unamwomba nani?

Hadithi ya Uqba bin Amir, iliyo katika mkusanyo wa Imam Ahmad, inafaa kusomwa yote. Walikuja watu kumi, Mtume (s.a.w.) akapokea baia (kiapo cha utii) ya tisa, akamzuia mmoja kwa kuwa alikuwa na hirizi. Alipoikata akampokea, akasema: aliyetundika hirizi ameshirikisha. Katika kuipima daraja, wanazuoni hutazama moyo. Ukiamini kitu chenyewe ndicho kinachokinga, hiyo ni shirki kubwa inayomtoa mtu katika dini. Ukiamini mkingaji ni Allah na hicho ni sababu tu, hali Allah hakukifanya sababu, ni ndogo. Na "ndogo" hapa ni jina la daraja tu, bado ni dhambi nzito.

Bi Zafarani

Maalim Kalamu, kamilisha kazi: mtu akishaikata anaipeleka wapi? Hapo ndipo watu wanapoharibu.

Kalamu ya Mwanzi

Kweli, Bi mkubwa. Kosa la kwanza ni kuitupa chooni au jalalani, na ndani mna aya. Kosa la pili ni kumwendea mganga mwingine "aitoe kwa salama", ukatoka na mpya.

Soma Falaq na Naas. Fungua mafundo yote ya uzi, kata mshono, toa karatasi. Iloweke katika beseni la maji safi mpaka wino utoke, kisha yamwage pasipokanyagwa, chini ya mti au pembeni mwa kiambaza. Ikiwa ni kalamu ya kisasa isiyotoka kwa maji, choma na uzike majivu; Uthman (r.a.) aliamuru kurasa nyingine zichomwe zilipokusanywa nakala za Msahafu, kwa hiyo kuchoma kwa heshima si dharau. Mifupa, kucha na nywele, zika tu.

Hofu ya "ukiitoa utapatwa" jibu lake liko Al-An'aam 81, maneno ya Nabii Ibrahim: vipi niviogope mnavyovishirikisha, hali nyinyi hamwogopi kumshirikisha Allah?

Mpiga Hesabu

Mimi nawapa ya nyota, maana mganga akishakuuliza jina la mama yako tu, jua hesabu imeanza. Siiweki hapa ili mtu akaipige, naiweka muone ilivyo nyepesi.

Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake ya abjadi. Ali ni ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Mama yake Maryam: mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, jumla 290. Pamoja 400. Unatoa 12 mara nyingi iwezekanavyo: 12 mara 33 ni 396, imebaki 4. Ya nne kutoka Hamali, ya kwanza katika zile nyota kumi na mbili, ni Saratani. Kwisha. Kuanzia hapo unaambiwa siku yako nzuri, uvumba wako, rangi ya kuku wako, na nani anakuonea kijicho.

Sasa fikiri. Kila Ali wa kila Maryam, tangu Lamu hadi Kilwa, aliyezaliwa Rajabu na aliyezaliwa Shawwali, wote nyota moja, kuku mmoja. Na Zaituni akiandikwa kwa alifu au bila alifu, nyota inahama.

Abjadi yenyewe kama namna ya kuhesabu haina dhambi. Washairi wamefichia tarehe kwayo, na ile 786 inayoandikwa juu ya barua ni jumla ya herufi za Bismillahi yote. Ubaya uko kwenye kudai kujua ghaibu. An-Naml 65 imeshafunga: hakuna aliye mbinguni na ardhini ajuaye ghaibu ila Allah. Ramli ya mchanga na bao ni mlango huohuo.

Kijana wa Saba

Wakuu, ile ya siku arubaini. Nimesikia aliyekwenda kwa mpiga ramli swala zake hazikubaliwi siku 40, basi wapo wanaoacha kuswali mpaka ziishe. Sahihi?

Kalamu ya Mwanzi

Si sahihi kabisa, mwanangu, na ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Hadithi iko katika Sahih Muslim: anayemwendea mtabiri akamwuliza jambo, haikubaliwi swala yake masiku arubaini. Nawawi ameieleza: thawabu ndiyo anayoikosa, lakini wajibu unamwondokea, hana kulipa baadaye. Kwa hiyo anaswali zote tano kila siku. Hiyo ni kwa aliyeuliza. Aliyeuliza *akasadiki*, hadithi nyingine inasema amekufuru yaliyoteremshwa kwa Muhammad (s.a.w.). Na "nilikwenda kumjaribu tu" bado ni kwenda na kuuliza.

Bi Zafarani

Watu wakinyang'anywa hirizi lazima wapewe cha kushika, la sivyo wiki ya pili wamerudi kwa mganga. Ruqya, yaani kumsomea mgonjwa, inaruhusiwa, Mtume (s.a.w.) alimwambia Awf bin Malik: nionyesheni ruqya zenu, hakuna ubaya kama hamna shirki. Ibn Hajar amenukuu masharti matatu waliyoafikiana: iwe kwa maneno ya Allah, majina au sifa zake, iwe kwa lugha inayofahamika, na mtu aamini kuwa haifanyi kazi kwa nafsi yake.

Ya nyumbani, bila kumlipa mtu:

Asubuhi na jioni, Ikhlas, Falaq na Naas, mara tatu tatu. Usiku, Ayatul Kursi na aya mbili za mwisho za Al-Baqara, 285 na 286. Wakati wa kulala kusanya viganja, pulizia, soma hizo sura tatu, jipanguse kuanzia kichwani na usoni hadi mkono unapofika. Mara tatu. Mtoto mdogo unamsomea wewe na kumpangusa.

Kwenye maumivu, weka mkono pale panapouma, sema Bismillah mara tatu, kisha mara saba: *A'udhu bi'izzatillahi waqudratihi min sharri ma ajidu wa uhadhiru*. Fatiha pia, masahaba walimsomea mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu, akapona.

Kombe: sahani nyeupe ya udongo, zafarani imeloweshwa kwa marashi ya mawaridi, unaandika kwa kijiti, unaosha kwa maji safi, mgonjwa anakunywa. Ibn Taymiyya mwenyewe aliruhusu aya kuandikwa kwa wino halali, zikaoshwa na kunywewa. Wengine hawapendi, sawa. Linapoharibika ni mwandishi akishaingiza miraba na majina ya majini katikati ya aya, au akiandika kwa damu. Mwambie akusomee alichoandika. Akisema "hii siri", mwaga.

Na msiwaachishe watu dawa. Kifafa kina vidonge vyake vya kila siku. Ukivikatisha ghafla degedege hurudi kwa nguvu, halafu inasemwa "jini limekasirika". Soma Kursi, na kidonge ameze.

Jahazi la Kusi

Mnaizunguka Halbadiri, kile kisomo cha kuwataja watu wa vita vya Badri. Kitu kikiibwa huku watu hawaendi polisi, wanatangaza Halbadiri, na asubuhi kitu kiko mlangoni. Hiyo nayo mnaiita shirki?

Kalamu ya Mwanzi

Ndugu yangu, hapa tugawe, usinibane kwa neno moja. Ahlu Badri ni wale 310 na kitu, wengi husema 313, waliopigana Badri 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria, na 14 wakafa mashahidi. Kuwataja na kuwaombea radhi hakuna ugomvi. Kumwomba Allah kwa jaha yao ni tawasali: Mashafii wengi wa pwani wameijuzisha, wengine wameiita bidaa, na ni suala la fiqhi. Kumwelekea Hamza au mwingine, ukamwambia yeye "mtie mwizi upofu", hapo ndipo moto ulipo. Walio wakali wanasema ni shirki kubwa bila kigugumizi. Wanaotetea wanasema msomaji anakusudia Allah, lugha tu imefupishwa. Mimi nasema hivi: kama unakusudia Allah, nini kinakuzuia kusema "Ewe Allah"?

Kitu kurudi mlangoni hakuthibitishi chochote. Mwizi ameogopa. Angeogopa vilevile mzimu wa mbuyuni.

Halafu kuna dhulma ambayo haizungumzwi: unaomba tumbo la mtu livimbe hadi apasuke kwa sababu tu ya simu ya mkononi aliyoiba. Aliyedhulumiwa ana haki ya kulalama, An-Nisaa 148, lakini kwa kiasi cha alichodhulumiwa.

Pishi na Kibaba

Nadhiri. "Nikipata mtoto nitachinja mbuzi kwa Sharifu fulani." Maswali ni mawili: unamchinjia nani, na wapi? Ukimchinjia Sharifu, hadithi ya Ali (r.a.) katika Sahih Muslim iko wazi, Allah amemlaani anayemchinjia asiye Allah. Hata ukisema Bismillahi kisuni, nia ishaamua. Ukichinja kwa ajili ya Allah, nyama ikagawiwa maskini, mahali nako kunaangaliwa: mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja mahali paitwapo Buwana, Mtume (s.a.w.) akauliza kama palikuwa na sanamu la kijahilia au sikukuu yao. Akaambiwa hapana. Akasema timiza.

Aliyekwisha kuiweka nadhiri ya maasi haitimizi. Kishafii hana kafara. Kihanbali anatoa kafara ya kiapo, na kuitoa ni kutoka kwenye ikhtilafu. Kafara yenyewe (Al-Maaida 89) ni kulisha maskini kumi au kuwavisha, asiyeweza afunge siku tatu. Kwa Mashafii ni mudi moja kila mmoja, yaani kibaba: vibaba kumi ni pishi mbili na nusu. Wawe watu kumi kweli. Kumpa mmoja vibaba vyote kumi, kwa Mashafii, hakutoshi.

Ziara ya kaburi ni sunna. Toa salamu, waombee wao, ondoka. Anayeombewa ni maiti. Ukiona wewe ndiye unayemwomba, mambo yamegeuka.

Mleta mada

Na ulimi je? Naona huko ndiko tunakoteleza kila saa.

Bi Zafarani

"Namtegemea Mungu na wewe." Hii ndiyo ileile ya mtu aliyemwambia Mtume (s.a.w.) "atakavyo Allah na utakavyo wewe", akamjibu: umenifanya sawa na Allah? Kiswahili kimetupa pa kutokea: "baada ya Mungu ni wewe." Hiyo *baada ya* ndiyo *thumma* ya kwenye hadithi.

Viapo: "haki ya mama", "haki ya Mtume", "nife na wanangu". Kuapa kwa asiye Allah kumeitwa shirki, na wengi wameihesabu ndogo kama hakuna kumtukuza kama Allah. Ikikuponyoka, sema papo hapo *La ilaha illallah*, ndivyo walivyoamriwa walioteleza kwa kuapia sanamu la Lata. "Haki ya nani!" sijui niiweke fungu gani, maana anayesema hajaapia mtu.

Kijana wa Saba

La mwisho wakuu. Mtu alikuwa kwenye hayo makubwa, katubu. Hija aliyohiji zamani inarudiwa?

Kalamu ya Mwanzi

Kishafii hairudii. Al-Baqara 217 imefungamanisha kuporomoka kwa amali na kufa mtu akiwa kafiri. Mahanafi wanamrudisha Makka akiweza. Na kabla ya hapo pana swali: nani aliyehukumu kuwa alitoka katika dini? Tendo kuwa shirki ni jambo moja, mtendaji kuitwa mshirikina ni jingine; ujinga na tafsiri mbovu vina hukumu zao, na hiyo ni kazi ya wanazuoni. Yeye aache, ajute, aazimie kutorudi, na kama alimfanyia mtu ubaya kwa uganga huo amrudishie haki yake. Halafu ashike dua hii kila siku: *Allahumma inni a'udhu bika an ushrika bika wa ana a'lam, wa astaghfiruka lima la a'lam*. Najikinga kwako nisikushirikishe nami najua, na nakuomba msamaha kwa nisilolijua.

Jahazi la Kusi

Maalim, na kile kibati cha shaba kilichochongwa talasimu, kinachopigiliwa juu ya mlango wa duka? Hakiloweki wala hakiungui.

Kalamu ya Mwanzi

Tupa ya fundi chuma. Sugua mpaka maandishi yaishe, kisha uza shaba yako.