Sindano ya denosumabu kwa mifupa dhaifu baada ya kukoma hedhi: nikianza, nitaiacha vipi?

Mama Neema aliuliza:

Nawasalimu nyote. Nina umri wa miaka 67 na hedhi yangu ilikoma nilipokuwa na miaka 49. Nilivunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu, nikiwa nimesimama, na kipimo cha uzito wa mifupa kilichofuata kikaonyesha alama ya T (inayolinganisha mifupa yangu na ya kijana mwenye afya; kadiri ilivyo chini ya sifuri ndivyo mifupa ilivyo dhaifu) ya -3.1 kwenye uti wa mgongo na -2.6 kwenye shingo ya mfupa wa paja. Picha ya eksirei nayo ilionyesha kuwa pingili moja ya mgongo imebonyea, ingawa sikumbuki siku yoyote niliyopata maumivu makali ya mgongo.

Nilianzishiwa vidonge vya alendronati vya mara moja kwa wiki, lakini vilinisababishia kiungulia kikali hata daktari akaamua nivisimamishe. Sasa amependekeza denosumabu, sindano ya miligramu 60 inayochomwa chini ya ngozi kila baada ya miezi sita. Kinachonitia wasiwasi ni maneno ya jamaa yangu mmoja, ambaye anasema kwamba dawa hii ukishaianza huwezi kuiacha, na kwamba wapo waliovunjika pingili kadhaa kwa mkupuo baada ya kukatisha. Isitoshe, nina gego moja bovu ambalo daktari wa meno amesema lazima ling'olewe. Naomba wenye ujuzi wanieleze kama maneno hayo ni ya kweli, na kama ni ya kweli, kwa nini basi dawa hiyo iendelee kutolewa.

Mfamasia wa Zamu alijibu:

Shikamoo mama, na pole kwa kuvunjika. Jamaa yako hakukosea, ila amekueleza nusu tu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayoonyesha kwa nini daktari wako ameifikiria dawa hii.

Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya muda wote. Kuna seli zinazokula mfupa wa zamani, na kuna nyingine zinazoweka mfupa mpya mahali pake. Kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni huzizuia zile seli za kubomoa zisizidi kiasi; estrojeni inaposhuka, protini iitwayo RANKL, ambayo ndiyo inayoziamuru seli hizo zikomae na kufanya kazi, hubaki bila mpinzani wa kutosha, na ubomoaji huanza kuushinda ujenzi. Denosumabu ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo huishika protini hiyo kabla haijafikisha amri yake, kwa hiyo ubomoaji hupungua sana ndani ya siku chache tu baada ya kuchomwa.

Kuhusu faida yake, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia kwa miaka mitatu wanawake 7,868 wenye umri wa kati ya miaka 60 na 90 ambao walikuwa na mifupa dhaifu baada ya kukoma hedhi. Miongoni mwa waliochomwa sindano isiyo na dawa, asilimia 7.2 walipata mvunjiko mpya wa pingili za mgongo, ilhali miongoni mwa waliochomwa denosumabu walikuwa asilimia 2.3. Kuvunjika nyonga kulishuka kutoka asilimia 1.2 hadi 0.7. Kwa mtu ambaye tayari ana pingili iliyobonyea na kifundo kilichovunjika, faida hiyo si ndogo hata kidogo, kwa sababu anayevunjika mara moja kwa udhaifu wa mifupa yuko karibu zaidi na kuvunjika tena kuliko ambaye hajawahi.

Kabla ya sindano ya kwanza, hakikisha umepimwa kalsiamu kwenye damu, vitamini D na utendaji wa figo. Dawa inapouzuia mfupa usitoe kalsiamu, kiwango chake kwenye damu kinaweza kushuka, na mwenye upungufu wa vitamini D ndiye anayeathirika upesi. Dalili za kuangalia ni ganzi au mchonyoto kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, pamoja na misuli kukakamaa. Mahitaji ya kawaida ya mwanamke wa umri wako ni takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, chakula na vidonge vikihesabiwa pamoja, na daktari ndiye atakayekupangia kiasi cha vitamini D kulingana na kipimo chako.

Gego hilo ling'oe kwanza, mama, na kidonda kipone kabisa ndipo uanze. Kuna tatizo la mfupa wa taya kufa na kubaki wazi bila kufunikwa na fizi, ambalo ni nadra sana kwa dozi ya miligramu 60 ya kila miezi sita, lakini linapotokea mara nyingi huanzia mahali palipong'olewa jino. Watu wengi wamesikia habari za taya kutoka kwa wagonjwa wa saratani, ambao hupewa dawa hii hii kwa dozi kubwa zaidi tena kila mwezi, na hatari yao haifanani na yako.

Bi Zuhura alijibu:

Mwenzangu Mama Neema, mimi natumia sindano hii kwa miaka kadhaa sasa, na ningependa kukueleza upande ambao vitabu huupitia haraka. Sindano yenyewe si ya kuogopwa. Huchomwa mkononi juu, pajani au tumboni, na inachukua muda mfupi mno. Nilipata maumivu ya mgongo na ya viungo kwa siku chache baada ya sindano za mwanzo, kisha yakatulia. Daktari alinitahadharisha pia kuhusu maambukizi ya ngozi, kwamba nikiona sehemu imevimba, ni nyekundu na ina joto, nisikae nyumbani nikisubiri ipoe yenyewe.

Ugumu uko kwenye tarehe. Dawa hii haikai mfupani kama vile vidonge vya alendronati, ambavyo athari yake huendelea kwa muda mrefu hata baada ya kuacha. Miezi sita ikiisha, nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo panga mapema: siku ile ile unayochomwa, andika tarehe ya sindano ijayo, mpe mtu mwingine wa nyumbani tarehe hiyo hiyo, na ulizia dawa wiki kadhaa kabla, kwa kuwa huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 na si kila duka la dawa huwa nayo wakati wowote. Mimi nilipobadilisha kliniki, kumbukumbu zangu zilichelewa kufika, na kama nisingekuwa na tarehe yangu mwenyewe mkononi nafasi ingepita bila mtu yeyote kujua. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nawaona wanawake wanaojitahidi sana kwa chakula na mazoezi, halafu sindano inasogezwa hadi miezi minane au tisa tangu ile iliyotangulia kana kwamba ni miadi ya kawaida inayoweza kungoja.

Daktari wa Homoni alijibu:

Naomba niongeze kuhusu kuacha, kwa kuwa ndilo swali la msingi la Mama Neema.

Denosumabu inapokatishwa, seli za kubomoa mfupa zilizokuwa zimezuiwa huamka zote kwa pamoja, na kwa miezi kadhaa ubomoaji huzidi hata kiwango kilichokuwapo kabla ya matibabu. Ni kama maji yaliyozuiwa na ukingo ambao umeondolewa ghafla. Uzito wa mfupa uliopatikana kwa miaka hupotea ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na baadhi ya wagonjwa, hasa wale waliokuwa na pingili zilizovunjika tangu awali, huvunjika pingili zaidi ya moja. Mama Neema yuko katika kundi hilo, hivyo tahadhari hii inamhusu moja kwa moja. Miongozo mingi inataka sindano isichelewe zaidi ya mwezi mmoja baada ya tarehe yake, yaani isipite miezi saba tangu ile iliyotangulia.

Hata hivyo, kusema kwamba haiachiki si sahihi. Inaachika kwa mpango, na mpango huo ni kumkabidhi mgonjwa kwa dawa ya kundi la bisfosfonati (kundi la vile vidonge vya alendronati) ambayo itaushika mfupa wakati denosumabu inaisha nguvu. Aliyeshindwa na vidonge kama wewe anaweza kupewa asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa dripu, takriban miezi sita baada ya sindano ya mwisho, kisha afuatiliwe kwa vipimo vya damu vya ubomoaji wa mfupa na arudiwe dozi ikihitajika. Aliyetumia denosumabu kwa miaka mingi huwa mgumu zaidi kumtoa kuliko aliyetumia kwa miaka miwili, na ndiyo maana mimi huwaambia wagonjwa kwamba mazungumzo ya kuacha yafanyike siku ya kuanza.

Hapo linazuka swali ambalo ningekuwa wewe ningelipeleka kwa daktari wako: kwa nini tusianze na hiyo asidi ya zoledroniki? Hutolewa mara moja kwa mwaka kwa dripu isiyopungua dakika 15, haipiti kwenye umio, na kuiacha hakuleti ule mrejeo wa ghafla. Kero yake kubwa ni homa na maumivu ya mwili kwa siku mbili tatu baada ya dripu ya kwanza, na haifai kwa mwenye figo zilizodhoofika sana. Kwa mtu anayejua kwamba hataweza kuhudhuria kila miezi sita bila kukosa, mimi ningeipendelea.

Vilevile kuna dawa zinazojenga mfupa badala ya kuzuia tu usibomolewe. Teriparatidi, ambayo ni sehemu ya homoni ya parathiroidi (homoni inayosimamia kalsiamu mwilini), mgonjwa hujichoma mwenyewe maikrogramu 20 kila siku, kwa kawaida kwa muda usiozidi miaka miwili. Romosozumabu huchomwa kila mwezi kwa miezi 12 tu, na haipewi mtu aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita. Kwa alama ya -3.1 pamoja na mivunjiko miwili, si vibaya kuuliza kama unafaa kuanza na mojawapo. Zote mbili zikiisha lazima zifuatwe na dawa ya kuzuia ubomoaji, la sivyo mfupa uliojengwa hupotea. Mpangilio nao una maana: teriparatidi ikifuatwa na denosumabu mfupa huendelea kuongezeka, lakini kutoka denosumabu kwenda teriparatidi peke yake kumeonekana kupunguza uzito wa mfupa wa nyonga kwa muda.

Mama Neema alijibu:

Marahaba Mfamasia, na ninyi nyote asanteni sana. Nimeelewa sasa kwamba jambo la kuamua si sindano ya kwanza peke yake. Nimesahau kueleza kwamba kipimo changu cha figo, yaani kasi ya figo kuchuja damu, kimekuwa kikishuka, na mara ya mwisho kilikuwa 32. Je, hilo linabadilisha ushauri?

Daktari wa Homoni alijibu:

Ndiyo, linabadilisha. Chini ya 35 asidi ya zoledroniki haitolewi, na huenda hiyo ndiyo sababu daktari wako hakuitaja. Denosumabu haiondolewi mwilini na figo, kwa hiyo inaweza kutumika, lakini kadiri figo zinavyodhoofika ndivyo hatari ya kalsiamu kushuka inavyokua. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea dawa hii onyo la ngazi ya juu kabisa kwa wagonjwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo, hasa wanaosafishwa damu. Kwa kiwango cha 32 hujafika huko, ila omba upimwe homoni ya parathiroidi pamoja na vitamini D kabla ya kuanza, kisha kalsiamu ipimwe tena ndani ya wiki mbili baada ya sindano ya kwanza na kabla ya kila sindano itakayofuata. Mwulize pia, kwa maneno ya wazi, ni dawa gani itakayopokea zamu ikiwa siku moja denosumabu italazimika kusimama huku figo zikiwa chini ya 35, na jibu lake liandikwe kwenye faili lako kabla ya sindano ya kwanza.